Debe Katikati ya Mpiko

Wanangu na wajukuu zangu mnaokuja uwanjani jioni na viatu vinavyong'aa, naanza na lile jambo mlilonicheka. Mliniona asubuhi namwagilia uwanja, debe la maji mkono wa kulia, mwili umepinda upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba, maji yananimwagikia kiatuni. Mmoja wenu akasema, "Babu, si ununue bomba la plastiki, uvute maji kutoka kule?" Nikajibu kwamba koki iko mbali na maji yanatoka kidogo kidogo. Ni kweli, koki iko mbali na maji yanatoka kidogo kidogo. Lakini hiyo siyo sababu. Na kwa kuwa mmeniomba niandike habari za tenisi ya zamani mzibandike kwenye ubao wa klabu, nitaieleza sababu yenyewe humo humo. Itakula ubao wote, mniwie radhi.

Mimi ni Shija, mzaliwa wa Puge. Kwetu jina hilo anapewa mtoto anayefuata mapacha, kwa hiyo nilipofika duniani niliwakuta wawili wameshatangulia pamoja, na mimi nikaja peke yangu. Nilikuja Tabora kusoma, nikakuta uwanja wa tenisi, kusoma kukapungua. Kuanzia hapo nimecheza tenisi ya wawili wawili maisha yangu yote ya kazi. Watu hushangaa kusikia kuna Mnyamwezi aliyelea watoto kwa raketi, lakini nimewalea, na wengine wamesoma kunizidi. Tumecheza Dar, Nairobi, Kampala, Lusaka, na ubingwa wa nchi hii tuliuchukua mara nyingi kuliko nafasi niliyokuwa nayo ya kuweka vikombe. Kimoja mke wangu, Mungu amrehemu, alikifanya cha kuwekea chumvi.

Nikisema "tulicheza" namaanisha mimi na Nassoro. Nassoro ni mtu wa Ng'ambo hapa hapa Tabora, wa ukoo wa wale Waarabu waliokuja na misafara wakaamua kubaki, wakauza vitambaa na viungo, na bado wanauza. Mrefu, mkimya, anatumia mkono wa kushoto. Mimi mfupi, msemaji, natumia wa kulia. Watu wa Nairobi walituita mapacha kwa kutukejeli, na mimi nilifurahi kwa sababu zangu za kuzaliwa.

Nassoro yuko hai. Naliandika hilo mapema kwa sababu mara nyingi najikuta nasema "alikuwa", kisha najirudi. Kiharusi kilimkuta amekaa dukani kwake, hajafanya lolote la kumchosha. Akalazwa hospitali ya Kitete. Mimi naishi jirani na hospitali, basi nilikuwa naingia na kutoka mpaka wauguzi wakaambiwa mimi ni ndugu yake, wakawa wanatutazama sura kwa zamu. Aliporudishwa nyumbani, upande wa kulia ulikuwa mzito na ulimi haukutoa neno. Mkono wa kushoto, ule wa raketi, ulibaki.

Kilichoniumiza zaidi ni macho. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Daktari alisema huenda akili ipo yote ndani na ni njia ya kutokea tu iliyoziba, au huenda imeondoka, na kwamba mambo hayo hayapimiki. Mimi nilitaka yapimike. Kila alasiri nilikwenda kwa miguu mpaka Ng'ambo, nikakaa karibu naye barazani, nikanywa kahawa, nikasema habari za mjini, nikarudi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nijue kama bado ananijua.

Nitarudi hapo. Kwanza niwaambie habari ya jino, maana najua mmejiuliza.

Hili pengo la mbele alilifanya Nassoro. Tulipoanza tulijiona tumebarikiwa, na nyinyi wenyewe mkichora uwanja kwenye mchanga mtaona kwa nini. Yeye wa mkono wa kushoto anasimama upande wa kulia. Mimi wa mkono wa kulia nasimama upande wa kushoto. Kwa hiyo mikono yetu miwili yenye nguvu inakutana katikati. Timu nyingi zinauawa kwa mpira wa katikati, maana kila mmoja anaupiga kwa mkono wake dhaifu. Kwetu sisi aliyepiga katikati alikuwa anapeleka mpira kwenye nguvu mbili. Hicho ndicho tulichojisifia mpaka siku mpira ulipokuja hapo katikati na wote wawili tukaufuata. Niliusikia ukipita sikioni. Kisha ikaja raketi ya Nassoro mdomoni, na raketi za wakati huo zilikuwa za mbao.

Nassoro aliinama, akalitafuta jino kwenye vumbi, akaenda kulisafisha bombani, akalifunga kwenye leso yake na kunikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Samahani sana, ndugu yangu Shija. Lakini mpira ulikuwa wangu."

Baada ya jino tukapatwa na ugonjwa mwingine, nao ni adabu. Mnawajua watu wa Tabora wakikutana mlangoni. Pita wewe. Hapana, pita wewe mwenyeji. Aa, mgeni ndiye mwenyeji, pita. Chai inapoa ndani. Basi sisi tukaupeleka ugonjwa huo mpaka Nairobi, kwenye fainali, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Tulikuwa tunakaribia kushinda. Ukaja mpira wa katikati, wa taratibu, wa kusikitisha, mpira ambao ungeweza kuudaka kwa mkono ukautia mfukoni. Nikamtazama Nassoro. Nassoro akanifungulia kiganja kama anavyomkaribisha mgeni kwenye sinia la pilau. Nami nikamwinamishia kichwa. Mpira ukapita kati ya waungwana wawili, ukadunda ndani ya mstari, ukaenda zake. Kuanzia hapo hatukushinda tena kitu siku ile.

Wakati wa kurudi tulipanda garimoshi Mwanza bila kusemezana. Shinyanga Nassoro alinunua karanga dirishani, akanisogezea pakiti, akasema, "Tangulia wewe." Nikasema, "Hapana, wewe." Tulicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa na mtoto akahamia behewa jingine.

Aliyetuponya ni Mwalimu Maganga. Asubuhi alifundisha hesabu shule ya msingi, mchana alitufundisha tenisi kwenye uwanja huu huu mnaoucheza. Alitusikiliza tulivyosimulia Nairobi mpaka mwisho, hakugomba. Akasema raketi zitabaki kabatini na kazi yetu itakuwa kumwagilia uwanja. Nassoro akauliza mpaka lini. Mwalimu akasema, "Mpaka nitakaposema."

Akaleta mpiko, yaani mti mrefu unaokaa mabegani mwa watu wawili, mmoja mbele, mwingine nyuma, mzigo unaning'inia katikati kwa kamba. Mti wa mninga, umelainika kwa kushikwa. Alisema babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliokwenda na mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi, na kwamba mpiko ule ulikuwa wa babu. Mimi nilikuwa na mashaka, nawajua mchwa wa Tabora. Lakini sikumwambia mwalimu.

Kisima kilikuwa kule bondeni, nyuma ya nyumba za watumishi. Tukafunga debe la maji katikati ya mpiko, Nassoro mbele, bega la kushoto, mimi nyuma, na tukaanza kutembea. Jaribuni siku moja. Ukimwahi mwenzako, debe linamgonga mgongoni. Ukichelewa, linarudi kukugonga wewe magotini. Yeye akienda kulia na wewe ukaenda kushoto, viatu vyenu vinashiba maji na uwanja unabaki mkavu. Wa mbele haruhusiwi kugeuka, maana akigeuza kichwa bega linafuata na maji yanafuata bega. Kwa hiyo yeye hakuoni, na wewe unaona kisogo tu. Mnabaki na ule mti. Mwanzoni huusikii, unasikia uzito peke yake. Baadaye begani unaanza kujua kwamba mwenzako amekanyaga jiwe, kwamba ana njaa, kwamba leo nyumbani kwake kumesemwa maneno.

Mwalimu alikuwa anachungulia ndani ya debe likifika, anasema "Hm", anaondoka.

Nilijaribu ujanja, mimi huyu. Kamba ya debe inaweza kusogezwa kwenye mpiko, na ukiisogeza mbele uzito unamwendea wa mbele. Siku ya joto kali nikaisogeza kidogo, kwa kidole, taratibu. Nassoro akasimama pale pale. Hakugeuka. Akausukuma mpiko juu kidogo kwa bega, kama mtu anayemwamsha aliyelala, akasema, "Katikati, Bwana Shija." Nikairudisha, akaenda.

Hilo lilikuwa la kawaida, mtu yeyote angelalamika akionewa. Lililonishangaza lilikuja baadaye. Nassoro alitoka kuugua malaria, amekonda, kanzu inamcheza mwilini, akaja kazini hivyo hivyo. Nikamwonea huruma, nikaisogeza kamba upande wangu ili abebe kidogo. Hatukufika mbali. Akasimama. Bega likapanda, mpiko ukanigusa shingoni. "Katikati, Bwana Shija." Nikamwambia, "Wewe mgonjwa bwana, nakusaidia." Akasema, "Nikiwa sibebi, nitajuaje uko wapi?" Akakataa kutembea mpaka nilipoirudisha.

Sikulitia maanani wakati ule. Niliona ni kiburi cha watu wa Ng'ambo.

Mvua zilipoanza Mwalimu akatufungulia kabati. Mpira wa kwanza uliopigwa katikati niliujua ni wa Nassoro kabla sijafikiri, nikawa nimeshaanza kuondoka kumwachia njia na kuziba nyuma yake. Wa pili ulikuwa wangu, naye hakuwepo pale, alishapisha. Hatukuitana, hatukutazamana. Mpaka tunastaafu hatukugongana tena raketi, wala hatukukaribishana. Watu walituuliza siri ni nini, na tukiwaambia ni kuteka maji walidhani tunawaficha.

Mengine niliyojifunza nawapa hapa kwa haraka, maana najua kuna mtu amekuja kwenye ubao huu kutafuta hayo tu. Udongo wa uwanja ni wa kichuguu. Mchanga wa mtoni unateleza na udongo wa shambani unapasuka. Uwe wa kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, upondwe, uchekechwe, umwagiwe maji asubuhi kabla jua halijawa kali, ushindiliwe kwa pipa lililojazwa zege. Ukimwagilia mchana umepika uji. Raketi ishike kama unavyompa mtu mkono wa pole msibani, usimminye na usimlegezee. Ukiwa mbele kwenye wavu usigeuke kumtazama mwenzako anayeanzisha mpira. Utapigwa usoni, na isitoshe unamwambia humwamini. Mwenzako akikosea usimwambie chochote mpaka akutazame mwenyewe. Na mnapokutana kunong'ona kati ya mpira na mpira, zibeni midomo kwa raketi kama mnapanga mambo mazito. Sisi tulikuwa tunazungumzia chakula. Yeye akitaka biriani, mimi nikitaka ugali wa mtama na mlenda, na wapinzani wanatutazama wamekunja nyuso wakijiuliza tunawaandalia nini.

Siku hizi raketi ni nyepesi kama ufagio wa chelewa, na nyuzi mnanunua. Sisi uzi ukikatika tuliunga kwa mshipi wa kuvulia samaki kutoka Kigoma, raketi ikawa inalia kama zeze. Nyinyi mnajipiga picha kwa simu, mnazipunguza kasi, mnajiona mlivyokosea kiwiko. Ni jambo jema, nami nimejitazama humo, nikaona mzee fulani anatembea kwa taabu, nikauliza ni nani. Lakini mnapocheza wawili wawili naona watu wawili, kila mmoja anacheza peke yake, wamepangishwa uwanja mmoja. Mnapiga kwa nguvu kutoka nyuma, na katikati pako wazi, ng'ombe anaweza kupita.

Sisemi kwa dharau, maana sasa mimi ndiye ninayecheza peke yangu. Tangu Nassoro augue nimekuwa naenda kupiga mpira kwenye ukuta wa lile ghala la zamani la tumbaku. Ukuta ni mchezaji mzuri sana. Unarudisha kila kitu, haukosei, na haukuulizi umekula nini. Nikishachoka nakaa chini, tunatazamana, mimi na ukuta. Nyumbani ni hivyo hivyo. Watoto wako Mwanza na Dar, wanapiga simu, wananiuliza presha. Mama yao hayupo. Napika mchele kwa mazoea ya watu wawili, unabaki, naula asubuhi.

Mnakumbuka ile Jumapili mliyonipanga nicheze na mmoja wenu, mkakaa pembeni mkapiga makofi. Ukaja mpira wa katikati, mzuri, unaoniita. Nikauacha. Ukapita hapo kati na kijana wenu akaukimbilia bila kuupata. Ukaja mwingine, nikauacha. Kijana akaniuliza kwa heshima, "Babu, ni macho?" Nikamwambia ni macho, mkanitafutia kiti. Macho yangu ni mazima, wanangu. Begani pangu palikuwa pananiambia kuna mtu anaufuata ule mpira, na mimi nimempisha.

Ndipo Zuhura akaniita. Zuhura ni binti mkubwa wa Nassoro, ndiye aliyekuwa anamlea baba yake pale nyumbani. Alinikaribisha barazani, akanimiminia kahawa mwenyewe, nikajua kuna neno.

"Baba mdogo," akasema, "Khalfani amepata daktari huko Muscat." Khalfani ni kaka yake. "Wanasema wana mashine na mazoezi ya kila siku. Tunaondoka na baba Jumamosi."

"Mtarudi lini?"

Akazungusha kikombe. "Tutaona hali yake."

Nassoro alikuwa amekaa pale pale kati yetu, kanzu nyeupe, mkono wa kulia pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Nikamwambia, "Bwana Nassoro, unasikia? Unakwenda kupanda ndege." Akanitazama mimi, akautazama ukuta, kwa macho yale yale. Niliondoka mapema siku ile. Njiani nilipishana na watu wanaonijua na sikuitikia salamu vizuri. Nilikuwa naogopa. Miaka yote ile mabegani, halafu mtu anakwenda ng'ambo ya bahari na sijui kama anajua anaachana na nani.

Siku moja kabla ya safari niliamka nikaenda stoo ya klabu. Mpiko ulikuwa nyuma ya mlango, chini ya nyavu zilizochanika, na mchwa hawakuugusa, kwa hiyo huenda Mwalimu Maganga hakutudanganya. Nikauweka begani, nikatundika debe tupu na kamba, nikakatiza mjini mpaka Ng'ambo. Fundi cherehani mmoja akaniita kutoka kibarazani kwake.

"Mzee Shija, unahama?"

"Sijahama bado. Natafuta mwenzangu."

Zuhura akanifungulia mlango wa uani. "Shikamoo baba mdogo. Na hicho nini tena?"

"Marahaba mwanangu. Baba yako kafanya mazoezi leo?"

"Hataki. Mtaalamu kamletea fimbo ya kutembelea, anaitupa. Ukimshika mkono anakaa chini."

"Basi leo tumpe fimbo ndefu zaidi."

Hakupenda, na alikuwa na haki. Alisema akianguka leo kesho hasafiri. Nilimwambia nitakaa nyuma, yeye amshike mkono wa kulia, na debe halitakuwa na maji ya kumwumiza mtu. Akamtazama baba yake, akanitazama, akaenda kuteka maji mwenyewe, akatia kidogo, ya kusikika tu.

Tukamsimamisha. Nikaweka ncha ya mbele kwenye bega lake la kushoto. Mkono wake ukapanda ukaushika mpiko. Nikajiambia nisifurahi, mtoto mdogo naye hushika anachowekewa. Nikazunguka nyuma, nikainua ncha yangu, na kwa kuwa alikuwa mgonjwa nikaivuta kamba mpaka karibu na kifua changu, debe lote likawa langu. Mbele alibaki na mti mtupu.

"Haya, twende," nikasema.

Hakwenda.

"Baba, twende," Zuhura akasema. "Hatua moja tu, baba."

Jirani mmoja alikuwa anaanika nguo juu ya ukuta, akaacha kuanika. Nikaona nimefanya upumbavu, nimemleta mtu mzima katikati ya ua kumwaibisha mbele ya mwanawe na majirani, kwa sababu mimi mpweke. Nikasema, "Basi, tumwache apumzike," na nikaanza kuuinua mpiko nimtoe begani. Hakuuachia. Vidole viliubana mpaka mishipa ikasimama. Na hapo ndipo nilipousikia mti. Bega lake lilipanda kidogo na kushuka, na ncha ya nyuma ikanigusa shingoni, pale pale ilipozoea kunigusa.

Nikaishika kamba, nikaisogeza mbele, taratibu, nikaifikisha katikati.

"Baba mdogo, utamwangusha," Zuhura akasema.

Uzito ulipomfikia, Nassoro akatembea.

Alitembea kwa kuburuta mguu wa kulia, ukawa unachora mstari kwenye mchanga, nami nikaburuta wangu ili tulingane. Tulipita karibu na jiko, tukafika kwenye ukuta wa mwisho, tukageuka pamoja, yeye nje mimi ndani, kama tulivyokuwa tunabadilishana pande za uwanja. Hakugeuza kichwa hata mara moja. Zuhura alikuwa bado amemshika mkono lakini alikuwa anafuata tu. Mimi nililia pale nyuma. Wa nyuma haonwi na wa mbele, hiyo ni faida yake. Nilikuwa nalia na nilikuwa na furaha ambayo hakuna kikombe kilichowahi kunipa, maana alikuwa ananijua. Alinijua kwa pale pale aliponijulia siku zote.

Tulipomkalisha, Zuhura alichungulia ndani ya debe. Akaniambia, "Hayajamwagika." Nikasema, "Hm."

Jumamosi nilikwenda uwanja wa ndege. Nassoro alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amevishwa sweta, na aliponitazama macho yalikuwa yale ya mita ya maji. Safari hii hayakuniumiza sana. Nilimpa mkono ule wa kushoto, tukaagana, wakamsukuma ndani. Nilisimama pale mpaka gari lililonileta likanipigia honi.

Zuhura hupiga simu ya picha kila Ijumaa baada ya swala. Anamwelekezea baba yake kioo, namwona, nasema habari za mjini. Anatazama dari. Namwambia uwanja umepasuka upande wa mashariki, namwambia bei ya karanga. Sijui kama yumo. Simu haina uzito, wanangu, hakuna kinachofika begani. Tukimaliza nakaa na ile simu mkononi mpaka taa yake inazimika, na ndiyo saa ninayoona nyumba yangu ni kubwa.

Hiyo ndiyo sababu ya debe mkononi. Bomba la plastiki ninaweza kununua, lakini nalo halina uzito. Mpiko nimeurudisha stoo, nyuma ya mlango. Nimeshajaribu kuubeba peke yangu, debe nyuma, jiwe mbele, na unakwenda vizuri tu, maji hayamwagiki. Lakini nilisogeza kamba kwa makusudi, mbele na nyuma, na jiwe halikusimama, nikaona bora nipinde mgongo kwa debe moja.

Asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, nipo uwanjani. Anayetaka kujifunza tenisi ya wawili wawili aje bila raketi, avae viatu visivyong'aa. Nitamweka mbele, mimi nitashika ncha ya nyuma. Nitakuwa naisogeza kamba, mara kwako, mara kwangu, na sitakwambia. Usigeuke. Ukiona debe haliko katikati, simama tu.